Nilivyokwenda Kumchukua Neema

Ndugu zangu wa ushirika wa Jumatano,

Tangu nirudi mmekuwa mkipita nyumbani mmoja mmoja. Mnakunywa chai, mnaangalia huku na huku, kisha mnauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto yuko wapi?" Nami nimekuwa nikiwajibu kwamba nitawaeleza. Kila mara nimeshindwa, maana nikianza kusema nalia, na mkiniona nalia mnaanza kuniombea kabla sijamaliza. Kwa hiyo nimeona niandike, msome wenyewe, mnisikie mpaka mwisho.

Kwa wale waliojiunga nasi karibuni: kaka yangu Elia alikuwa fundi seremala. Karakana ya shirika la umma alikofanya kazi ilipofungwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake, alikwenda delta ya Rufiji. Wakati huo biashara zilikuwa zimeachiwa huru, watu kutoka Dar es Salaam walikuwa wakimiminika kule kununua kamba wa baharini, na kila mmoja alitaka mashua. Elia akapata kazi kuliko alivyowahi kupata. Mke wake, Rehema, alifariki akimzaa binti yao wa pekee, Neema. Elia hakurudi bara. Alibaki huko na mtoto mpaka masika ya mwaka jana, alipokufa kwa homa. Habari zilitufikia miezi mingi baadaye, kupitia dereva mmoja aliyekuja hapa Morogoro.

Mimi na mume wangu Yohana hatujajaliwa mtoto, na hilo mnalijua kuliko mtu yeyote, maana mmetuombea miaka. Ndiyo maana nilipowaambia kwamba Elia ameacha binti wa miaka sita, Mama Naftali alisimama palepale katikati ya maombi akasema, "Ester, hili ni jibu lako." Wote mkapiga vigelegele. Akaongeza, "Kama ni mapenzi ya Mungu, njia itafunguka yenyewe." Neno hilo nililibeba safari nzima.

Hakuna kati yetu aliyeuliza mtoto yuko na nani. Tulijua tu kwamba "analelewa na jirani". Neno jirani likatutosha.

Mbagala hadi Kibiti

Nilitakiwa kushuka Bungu, maana pale ndipo njia ya kwenda Nyamisati inapochepuka, na Nyamisati ndiko zinakopatikana mashua za kuingia delta. Nilimwambia utingo tangu Mbagala, akaniitikia, "Usiwe na wasi, mama, nitakushusha mwenyewe."

Basi lilikuwa limejaa magodoro, madebe na marobota ya mitumba. Mvua zilikuwa zimeichimba ile barabara, na penye mchanga gari lilizama kama limekaa. Tulishuka, wanaume wakasukuma, akina mama tukatembea mbele tukiwa na viatu mkononi. Mara ya tatu kuzama tulikaa sana. Bibi mmoja aliyekaa jirani yangu alifungua kikapu akanipa muhogo wa kuchemsha na kipande cha papa mkavu. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikasema, ona, ananilisha njiani.

Gari lilipotoka mchangani likakimbia kufidia muda. Mimi nikasinzia. Utingo alikuwa amepanda juu kufunga mizigo. Nilipozinduka niliona wauza machungwa na mananasi wamelizunguka gari, nikauliza, "Hapa ni Bungu?" Watu wakacheka. "Bungu tumeiacha kitambo, mama. Hapa Kibiti."

Nilishuka nimechanganyikiwa. Nikakaa juu ya begi langu kando ya meza ya muuza machungwa, na kama ilivyo kawaida yangu nikiwa na hofu, nikaanza kuimba pambio taratibu. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua machungwa aligeuka akaniangalia usoni.

"Dada, wewe umeokoka?"

Alikuwa Mama Joshua, mke wa bwana shamba, mtu wa Njombe. Aliniambia kwamba Wakristo pale Kibiti wako wachache, wengi wao ni watumishi wa serikali kama mume wake, na kukutana na mtu anayeimba pambio kituoni kulimfanya ajisikie kama ameona ndugu yake wa tumbo moja. Alinichukua mpaka kwake, akanipa maji ya kuoga, akapika ugali na kisamvu cha nazi. Nilipomweleza nilikokuwa nakwenda, aliweka mwiko chini.

"Unaona sasa? Mungu ndiye aliyekupitisha Bungu umelala, ili tukutane. Utampitishia mtoto hapa, apumzike, kisha mwendelee."

Nami nilikubali. Uzembe wa utingo ukageuka kuwa mkono wa Bwana, nikalala usingizi mzuri.

Juu ya gari la barafu

Asubuhi mume wa Mama Joshua alinitafutia gari. Lilikuwa la mfanyabiashara wa kamba, lilikuwa limekuja Kibiti kuziba pancha likalala, na sasa lilikuwa likirudi Bungu na kuelekea Nyamisati na barafu. Dereva alinitazama, akanikubalia kupanda nyuma. "Ila usilalamike baridi."

Sijawahi kusafiri vile. Mabonge ya barafu yalikuwa yamefunikwa kwa pumba za mbao na magunia, na mimi nilikaa juu yake na wanawake wawili waliokuwa wakirudi kwao. Jua lilituchoma mabega huku chini tukiganda. Maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika nyuma ya gari njia nzima. Dereva alikuwa akisimama kila mara, anachungulia, anatukana, anakanyaga mafuta. Alisema barafu ikiisha njiani, kamba wa watu wataoza, na yeye atakuwa hana kazi.

Mmoja wa wale wanawake aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikamtajia kijiji, ambacho hapa sitakitaja kwa sababu watu wake wamenitendea mema mno, na nikamtajia Elia fundi mashua.

"Fundi Elia! Mungu amrehemu. Basi unakwenda kwa Bi Zuhura."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo. Nilitaka kumuuliza Bi Zuhura ni mtu gani, lakini gari lilirukia shimo na kila mmoja akashika alichoweza kushika. Baadaye sikukumbuka tena. Nawaambieni kweli, kukumbuka nilikumbuka. Sikutaka kujua zaidi.

Kwenye mikoko

Nyamisati tulikuta maji yamekupwa. Mashua ya mashine ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, na nahodha alikuwa amekaa kivulini anakula wali kwa dagaa. Aliniambia tungoje maji yajae. Tukangoja. Yalipojaa, mashine ikakataa kuwaka. Ilipowaka, tulikwenda kipande, tukaparamia tope katikati ya mkondo, tukangoja tena. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijisemea kwamba adui anajaribu kunizuia, na anayezuiwa na adui yuko kwenye njia sahihi.

Pande zote mbili ilikuwa mikoko tu, mizizi yake imesimama juu ya tope kama vidole. Vijichaza vimeng'ang'ania, nyani wanatembea ukingoni wakiokota kaa. Abiria mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kitani, aliniona mgeni akanisalimu vizuri, kisha akauliza, "Umekuja kuhani, dada?"

Nilishtuka. Nikamjibu, "Hapana, baba, mimi si kuhani. Mimi ni mshirika wa kawaida tu kanisani kwetu."

Watu wote mashuani walitazamana. Yule mzee akatikisa kichwa kwa upole. Nilifikiri, mtu huyu asiyenijua amejuaje kwamba nimetumwa kazi ya Mungu? Nikaliweka lile neno pamoja na ishara nyingine zote.

Siku ya pili tu ndipo nilipoelewa kwamba kwa watu wa pwani kuhani ni kwenda kutoa pole kwenye msiba. Yule mzee alikuwa akiniuliza kama nimekuja kumlilia kaka yangu. Nami nilimjibu hapana.

Nyumbani kwa Bi Zuhura

Nilifikiria nitamkuta bibi kizee. Bi Zuhura ni mwanamke wa rika langu, mrefu, mweusi, mwenye mwanya, anayetembea haraka. Alikuwa amekwishapata habari kwamba dada wa Elia yuko njiani. Alinipokea ufukoni, akanitua begi, akanikumbatia na kuanza kulia kwa sauti, na wanawake wengine wakalia naye. Nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Elia afe.

"Nilisema watakuja," alisema. "Kila mtu akasema huko kwao mbali, hawatakuja. Mimi nikasema Elia ana dada, atakuja. Karibu, shangazi. Karibu kwako."

Alikuwa amepika wali wa nazi na kamba wakubwa wa kukaanga, na mchuzi wa ndimu. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani. Mume wake, Mzee Sefu, alikaa nami akanieleza jinsi Elia alivyougua na walivyomzika. Walikuwa wamemtafuta mwinjilisti kutoka mbali aje amzike kwa dini yake, wakamngoja mpaka akafika. Nilipelekwa kaburini. Lilikuwa limefyekwa.

Na Neema? Neema alikuwa amesimama nyuma ya Bi Zuhura, ameshika pindo la kanga yake, ananichungulia. Ana paji la uso la mama yetu. Nilipomwona nilijua moyoni kwamba ni wangu. Hivyo ndivyo nilivyojisemea: ni wangu.

"Mwamkie shangazi," Bi Zuhura alisema.

"Shikamoo shangazi," akasema, kisha akakimbia kwenda kucheza na Saada. Saada ni binti wa Bi Zuhura, wa umri uleule. Bi Zuhura alicheka akanieleza. "Rehema alipofariki, Saada alikuwa hajatimiza mwezi. Elia aliniletea mtoto kwenye kanga ya mama yake, ananinyooshea tu. Nikampokea. Ziwa la kulia likawa lake, la kushoto la Saada. Huyu hawezi kuniita jirani."

Alisema hivyo kwa utani tu, hakujua kwamba ndilo neno tulilokuwa tukilitumia huku.

Nilikaa siku kadhaa bila kusema nilichokuja kufanya. Kila nikitaka kuanza, wanaleta chakula. Walidhani nimekuja kulia msiba na kumjua mtoto wa kaka yangu, na kila jirani alikuja na kitu, kaa, ndizi, mchele mpya. Tulikwenda shambani kwao kwenye mpunga, wakanionyesha dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo wanachokaa kuwinga ndege na kuwakimbia nguruwe pori, na Neema alipanda ngazi yake kama paka, akaniita kutoka juu, "Shangazi, nakuona nywele za utosi!"

Wakati wote huo niliomba. Niliomba Mungu anionyeshe. Lakini nikiwa mkweli, sikuomba kama mtu anayeuliza. Niliomba kama mtu anayekumbushia ahadi.

Hatimaye nilimwambia Mzee Sefu kwamba nina neno. Tulikaa watatu, asubuhi, watoto wakiwa nje. Nikawaeleza kila kitu: kwamba sina mtoto, kwamba tumeomba, kwamba Neema ndiye damu pekee iliyobaki ya kaka yangu, kwamba nimekuja kumchukua.

Bi Zuhura alikuwa akipeta mchele. Hakuacha kupeta. Ila nilisikia ungo umebadilika mlio.

"Damu ni ya kwenu," Mzee Sefu akasema. "Mtoto ni wa kwao baba yake. Hilo halina ubishi, wala mtu hapa hatakuzuia. Mimi nataka kujua jambo moja tu, shangazi. Umekuja kuchukua, au umekuja kuuliza?"

Ningeweza kusema nimekuja kuuliza. Mlango ulikuwa wazi. Mtu yule alikuwa ameufungua kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mimi nilisema, "Mzee wangu, mimi nimeongozwa na Mungu. Tumeomba na Mungu amesema."

Aliinamisha kichwa. "Basi kama ni Mungu, mimi niseme nini?"

Bi Zuhura alisimama na ungo wake akaingia ndani.

Kurudi na Neema

Bi Zuhura alimwogesha mtoto, akampaka mafuta ya nazi, akamsuka upya. Akamfungia vitumbua kwenye jani na samaki wa kuchoma kwenye kikapu. Hakunung'unika hata kidogo. Neema alimuuliza anakwenda wapi, na Bi Zuhura akamjibu, "Unakwenda kutembea kwa shangazi, mama. Utaona magari."

Nilimsikia, nikanyamaza. Nilijua ni uongo wa huruma, na ulinirahisishia.

Mtoto alipanda mashuani kwa furaha. Alimpungia kila mtu. Aliniuliza majina ya vitu, akaniambia yeye majina ya ndege. Nyamisati aliona gari la barafu akaomba kuigusa barafu, dereva akamkatia kipande, akakilamba mpaka kikaisha akicheka kwa jinsi kilivyomng'ata ulimi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Ndugu zangu, siku ile moja nilikuwa mama.

Kibiti, Mama Joshua alitupokea kwa nyimbo. Alikuwa ametengeneza maandazi. Baada ya kula, Neema alinisogelea akaniuliza sikioni, "Kesho tunarudi?"

Nikamwambia, "Haturudi, mwanangu. Sasa utakaa na mimi na baba Yohana. Mimi ndiye mama yako sasa."

Alinitazama. "Na mama?"

"Mama atakuja kukuona."

"Saada?"

Akashuka kitini, akaenda kukaa kizingitini akiangalia barabara. Hakulia. Laiti angelia. Alikaa vile mpaka jua likazama, na nilipomwita kula alisema ameshiba. Kesho yake alisema ameshiba. Kesho kutwa yake hakusema chochote. Nilimbembeleza kwa uji, kwa machungwa, kwa vile vitumbua vya mwisho vya Bi Zuhura. Alivishika vile vitumbua mkononi, hakuvila.

Safari ya kuja huku ilibidi ingoje. Mama Joshua alisema ni mazingira tu, watoto huzoea. Tukamwekea mikono tukaomba. Tulikemea roho ya ukaidi. Naandika hili kwa aibu: mtoto anamlilia mama yake kimyakimya, na watu wazima wawili wamesimama juu ya kichwa chake wanakemea.

Mchukwi

Alipoanza kulegea nilimbeba tukaenda Mchukwi, hospitali ya misheni. Tulikaa kwenye benchi na akina mama wengine wenye watoto. Mtoto wa jirani yangu alikuwa akilia kwa homa, anajitupatupa, mama yake anamwimbia kwa Kindengereko. Neema alimwangalia yule mama bila kupepesa macho, muda wote.

Muuguzi, dada mmoja kijana, alimpima joto, akamtoa damu kidoleni. Hata hapo hakulia. Majibu yaliporudi alisema hana malaria wala homa yoyote.

"Tangu lini hali chakula?" aliuliza.

Nikamwambia tangu tufike Kibiti.

"Na wewe ndiye mama yake?"

Ni swali wanalomuuliza kila mtu. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja kujaza kadi. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Neema akanitazama. Ni mara ya kwanza katika siku zile kunitazama usoni, na niliona anataka kusikia nitasema nini.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni shangazi yake."

"Mama yake yuko wapi?"

Na mtoto, kwa sauti iliyokauka, akajibu mwenyewe. "Yuko nyumbani."

Nilitoka nje naye mgongoni nikaenda kusimama chini ya paa la pale wanapopikia ndugu wa wagonjwa. Nilisimama pale katikati ya moshi nikaipitia safari yangu yote, kituo kwa kituo. Njia ilipofunguka nilisema ni Mungu. Ilipofungwa nilisema ni Shetani anapinga kazi ya Mungu. Hakuna kitu ambacho kingetokea njiani kikanifanya niseme hapana. Sikuwa nimemuuliza Mungu lolote. Nilikuwa nimekwishaamua nikiwa hapa Morogoro, kisha nikaomba aniwekee muhuri. Na kitu kilichokuwa wazi kuliko vyote, mtoto ana mama anayempenda, hicho sikukiita ishara.

Nilimwambia Neema, "Tunarudi kwa mama." Hakuruka kwa furaha. Aliniuliza, "Kweli, au kutembea?"

Mama Joshua aliponisikia alikasirika sana. "Unamrudisha mtoto kwa watu wasiomjua Kristo? Alichokupa Mungu unakitupa? Omba kwanza, Ester. Funga hata siku moja."

Nilimwambia sitaomba juu ya hili. Haikuwa rahisi kusema hivyo, maana sijawahi kutoka nyumbani bila kuomba nionyeshwe njia. Safari hiyo nilikwenda tu. Hatujaandikiana tangu hapo, na inaniuma, kwa sababu alinipokea vizuri.

Mara ya pili kijijini

Safari ya pili haikuwa na kikwazo. Gari lilipatikana, maji yalikuwa yamejaa, mashine iliwaka kwa mara moja. Sikusema kitu juu ya hilo. Mashuani Neema alikula muhogo wa abiria mmoja, kidogo kidogo, macho kwenye mikoko.

Nilitegemea kwamba atamwona Bi Zuhura na kumkimbilia. Njia nzima nilikuwa nikijifariji kwa picha hiyo, kwamba nitaumia lakini nitaona mtoto anafurahi, na hapo kosa litakuwa limefutika.

Bi Zuhura alikuwa shambani. Saada alituona kwanza, akapiga kelele, akaja mbio. Bi Zuhura akashuka kwenye dungu, akatupa kombeo la kuwingia ndege, akaja akikanyaga mpunga wake mwenyewe. Akapiga magoti mbele ya mtoto akafungua mikono.

Neema hakwenda. Alisimama pale kwenye tuta, katikati yetu, mkono wake ameutoa kwangu na hajauweka kokote. Akamtazama Bi Zuhura kwa utulivu wa mtu mzima akamuuliza, "Nitakaa mpaka lini?"

Bi Zuhura aliangalia juu, akaniangalia mimi, na uso wake ukavunjika.

Nilibaki kwao siku chache, maana mashua haikuwepo. Kila asubuhi mtoto aliuliza, "Leo naondoka?" Bi Zuhura akienda kisimani, anamfuata. Akienda chooni, anamngoja mlangoni. Usiku anafunga pindo la kanga ya mama yake kwenye mkono wake. Zamani, waliniambia, alikuwa akishinda kwa majirani mpaka aitwe kwa kelele.

Mchana mmoja tulikuwa tunamenya kamba, mimi na Bi Zuhura. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka machache.

Alimenya kamba wawili watatu kabla ya kujibu. "Shangazi, mimi sina hasira na wewe kwa kumtaka mtoto. Nani asiyemtaka? Ila ulipomtaja Mungu, niliogopa. Nikasema nikimshika huyu mtoto nitakuwa nimemshika Mungu mkono. Nikamfungia vitumbua." Akafuta jicho kwa kifundo cha mkono, vidole vikiwa na maganda. "Na mimi nilimdanganya. Nilimwambia anakwenda kutembea. Sasa nikimwambia nakwenda kuchota maji, haniamini. Hilo si lako peke yako."

Nilimuuliza kama naweza kuja tena kumwona, akikua kidogo.

"Njoo. Hapa ni kwako. Lakini usije haraka."

Basi ndiyo hayo, ndugu zangu. Yohana nilimweleza yote siku niliyofika. Alitoka nje akapasua kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hajanilaumu. Ninawaomba nanyi jambo moja, msiniambie kwamba Mungu alikuwa na kusudi lake, angalau si mwaka huu. Na mkikutana Jumatano, mwekeni Bi Zuhura katika maombi yenu kwa jina lake, msiseme jirani.

Siku ya kuondoka mashua ilipiga honi mapema, maji yakiwa bado yanajaa. Watu walikuja kuniaga kama walivyokuja kunipokea, wengine na zawadi. Neema hakuwepo. Bi Zuhura alimwita, Saada akamtafuta nyuma ya nyumba. Tulimwona mbali, juu ya dungu katikati ya mpunga. Alikuwa amepanda na kuivuta ngazi juu.

"Neema!" Bi Zuhura aliita. "Shangazi anaondoka! Njoo umuage!"

Kichwa kidogo kikachomoza.

"Mwambie sipo," akajibu.